Mtwa Mkwawa na Maneno Yanayofanana kwa Tahajia

Mkwavinyika wa Munyigumba, anayejulikana zaidi kwa jina la Mkwawa, alizaliwa Luhota katika nchi ya Uhehe karibu mwaka 1855, akafariki Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Vitabu vya historia humtaja kama kiongozi aliyewapiga Wajerumani Lugalo na kuwakimbiza kwa miaka mingine saba kabla ya kifo chake. Kwa mwanafunzi wa lugha, maisha yake yana faida nyingine. Karibu kila hatua ya safari yake imebeba neno linalofanana na neno jingine kwa maandishi, na mara nyingi ufanano huo umewapoteza wasomaji. Yapo maneno katika habari zake yanayoonekana kama ndugu ilhali hayana uhusiano, na yapo yasiyofanana hata kidogo ilhali yametoka tumbo moja.

Jina lenyewe

Mkwavinyika lilikuwa jina la sifa. Hufasiriwa kuwa mtu aliyetwaa nchi nyingi, na sehemu yake ya mwisho, nyika, haimpi shida msemaji wa Kiswahili. Jina hilo refu lilifupishwa likawa Mkwava. Kihehe kina sauti inayotamkwa kwa kuikaribisha midomo miwili bila kuifunga, na waandishi wa lugha hiyo huiandika kwa herufi v. Sikio la Mswahili huisikia sauti hiyo pengine kama v, pengine kama w. Ndiyo sababu watu wanaojiita Vahehe huitwa Wahehe kwa Kiswahili, na Mkwava akawa Mkwawa. Wajerumani nao waliliandika jina hilo Quawa, kwa desturi ya tahajia yao. Mtu anayepekua faharasa za vitabu vya zamani anapaswa kutafuta chini ya K, chini ya M na chini ya Q, kwa kuwa wote watatu ni mtu mmoja.

Inasimuliwa pia kwamba jina la Wahehe lilitokana na mlio wao wa vita, ambao maadui waliusikia kabla hawajawaona askari wenyewe. Kabla ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, hapakuwa na taifa moja lenye jina hilo. Palikuwa na koo na tawala ndogondogo katika nyanda za juu kati ya Mto Ruaha Mkuu na bonde la Kilombero. Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, aliziunganisha katikati ya karne ya 19, baadhi kwa vita na nyingine kwa ndoa.

Mtwa, mtwana, Mtwa na mtwaa

Cheo cha Munyigumba, na baadaye cha mwanawe, kilikuwa mtwa. Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapohitaji tahadhari. Katika Kihehe, kama ilivyo katika Kisangu na Kibena, mtwa ni mtawala mwenye nchi, ambaye watu humwinamia na ambaye wakuu wa wilaya, yaani wanzagila, hutawala kwa niaba yake. Katika Kiswahili lipo neno mtwana, linalozidi hilo kwa silabi moja tu, na maana yake ni mtumwa wa kiume. Katika nchi za Maziwa Makuu, Mtwa ni mtu wa jamii ya Watwa, wawindaji na wafinyanzi ambao mara nyingi walidharauliwa na majirani zao. Kwa hiyo tahajia zinazokaribiana sana zimegawana ngazi zote za jamii, kutoka aketiye juu hadi aliyesukumwa chini.

Lipo na kishawishi cha pili. Kwa kuwa Mkwavinyika hufasiriwa kuwa aliyetwaa nchi, na kwa kuwa Kiswahili kina kitenzi twaa, mtu huweza kudhani kwamba mtwa ni mtwaa aliyepoteza irabu. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu yanalingana na habari za mwenye cheo. Hata hivyo, cheo kilikuwapo katika nchi hizo kabla ya Mkwawa kupewa sifa yake, na majirani waliokuwa na mtwa wao hawakumhitaji Mkwawa ili wapate neno hilo. Wataalamu wa asili ya maneno huyahofia zaidi maelezo ya namna hii, yanayopendeza mno na yasiyo na ushahidi ila sura ya herufi.

Merere na Utengule mbili

Upande wa magharibi wa Uhehe, katika bonde ambalo leo limo katika Mkoa wa Mbeya, palikuwa na Usangu, nchi ya watwa waliorithiana jina la Merere. Hapo awali Wasangu ndio waliokuwa na nguvu, na inaaminika kwamba Wahehe walijifunza kwao mengi kuhusu mpangilio wa vita. Munyigumba aliugeuza mzani huo. Katika miaka ya 1870 Wahehe waliwashinda Wasangu, na mwishowe Merere akalazimika kuhamia upande wa Usafwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya sasa.

Makao ya Merere huko Usangu yaliitwa Utengule. Makao yake mapya, yaliyokuwa na ngome, nayo yakaitwa Utengule. Ramani za leo zinazo zote mbili: Utengule ya Usangu katika Wilaya ya Mbarali, na Utengule ya Usongwe karibu na Mbalizi. Tahajia ni moja bila tofauti ya herufi hata moja, lakini kati ya mahali hapo pawili pana safari ndefu ya watu waliofukuzwa kwao wakalibeba jina la nyumbani. Msomaji wa habari za vita vya Wahehe na Wasangu asipojua ni Utengule ipi inayotajwa, huwaweka askari upande usio wao wa milima.

Munyigumba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1870. Urithi haukupita kwa amani. Mwambambe, mkwe wake aliyekuwa amepata madaraka makubwa, alijaribu kuishika nchi, na kijana Mkwavinyika akakimbilia Ugogo. Aliporudi alipata wafuasi, akapigana na Mwambambe, akamwua. Mahali pa pigano hilo huitwa Lundamatwe, na simulizi za Wahehe hulieleza jina hilo kuwa ni mahali palipolundikana vichwa. Msemaji wa Kiswahili huitambua sehemu ya kwanza mara moja, kwa kuwa anayo lundo na lundika. Sehemu ya pili, matwe, inatokana na mutwe, yaani kichwa. Neno hilo litarudi mbele katika habari hii.

Vita na Wangoni, vilivyoanza siku za mwisho za Munyigumba, viliendelea hadi karibu mwaka 1882, pande mbili zilipochoka na kupatana. Baada ya hapo Mkwawa alikuwa mtwa asiye na mpinzani. Majeshi yake yalifika Ugogo na Usagara, na misafara iliyotoka pwani kwenda bara ililazimika kumhesabu. Misafara hiyo ililipa hongo, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru uliotolewa hadharani kwa mwenye nchi ili apitishe mizigo. Maana ya rushwa, inayotawala leo, haifai kusomwa katika maandishi ya zama hizo.

Lilinga, Iringa na kuringa

Mkwawa alijenga makao yake Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, akayazungushia ukuta wa mawe. Ngome ya namna hiyo kwa Kihehe huitwa lilinga. Wageni waliposikia neno hilo, walilipokea kama jina la mji. Konsonanti ya mwanzo ilidondoka, l iliyofuata ikageuka r, na likabaki Iringa. Wajerumani walipojenga kituo chao mwaka 1896 juu ya kilima, kilomita zipatazo 15 kutoka Kalenga, walikiita Iringa Mpya. Mji huo mpya ndio Iringa ya leo, na ile ya kwanza imebaki na jina la Kalenga. Kwa hiyo mji wa sasa unaitwa ngome, ingawa ngome yenyewe haikuwa hapo.

Kiswahili kina kitenzi ringa, chenye maana ya kutembea au kujionyesha kwa majivuno, pamoja na nomino maringo. Utani wa kuwaambia watu wa Iringa kwamba wanaringa kwa kuwa kwao ni Iringa ni wa zamani na hauna ubaya. Ubaya huanza pale utani unapoingizwa katika maandishi kama asili ya jina. Kinachofanana ni sauti za mwisho tu. Kihehe kilikuwa na l mahali ambapo Kiswahili kina r, na maana ya Kihehe ni ukuta wa kujikinga na adui.

Lugalo na Kondoa

Mwaka 1891 serikali ya Kijerumani ya pwani ilimtuma Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aende Uhehe na kikosi cha askari zaidi ya 300 na wapagazi wao. Kikosi kilichoma vijiji njiani. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, kilipokuwa kikipita katika mstari mrefu penye vichaka na mawe huko Lugalo, Wahehe waliokuwa wamejificha walikishambulia kwa mikuki. Katika muda mfupi Zelewski na Wajerumani wengine tisa waliuawa pamoja na askari wengi sana. Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo masimulizi ya ushindi huelekea kulisahau. Bunduki zilizotekwa zilipelekwa Kalenga. Jina la Lugalo liliendelea kuishi, na leo linatumiwa na kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi jijini Dar es Salaam.

Mwaka 1892 Wahehe waliishambulia ngome ndogo ya Wajerumani huko Kondoa na kuiangamiza. Kondoa hiyo ilikuwa karibu na Kilosa. Kondoa inayofahamika zaidi leo, ile ya Irangi katika Mkoa wa Dodoma, iko mbali sana upande wa kaskazini, na Wahehe hawakufika huko katika shambulio hilo. Hapa tena tahajia moja imebeba mahali pawili.

Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele, waliivunja Kalenga kwa mizinga. Mkwawa alitoroka. Kwa karibu miaka minne alihama msitu hadi msitu, akilishwa na kufichwa na watu wake, huku mashamba yao yakichomwa ili wakose cha kumpa. Merere, ambaye familia yake ilikuwa na kisasi cha muda mrefu, alikuwa upande wa Wajerumani. Mwishoni mwa mwaka 1896 Wajerumani walimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa, kuwa mtwa. Hawakungoja hata miezi mitatu kabla ya kumnyonga kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake.

Mtwa na mutwe

Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Kwa Kihehe, maneno mawili yaliyokuwa yamekaribiana kwa miaka yote sasa yalikutanishwa na tangazo la serikali. Mtwa alitafutwa kwa ajili ya mutwe wake.

Tarehe 19 Julai 1898 kikosi cha doria kilikaribia Mlambalasi, njiani mwa milima iliyo magharibi ya Iringa. Mkwawa alikuwa amechoka na mgonjwa, na waliobaki naye walikuwa wachache mno. Hakukubali kukamatwa. Alijipiga risasi. Askari walipofika waliukuta mwili wake na wa mtu aliyekuwa pamoja naye. Kichwa kilikatwa na kupelekwa kituoni Iringa. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi. Baadaye fuvu lilipelekwa Ujerumani.

Kati ya mtwa na mutwe kuna irabu moja tu ya tofauti mwishoni, na habari ya Mkwawa inamvuta msomaji ayaone kuwa neno moja, kana kwamba mtwa ni kichwa cha nchi. Ufanano huo hautoshi. Ndugu wa kweli wa mutwe anapatikana mahali ambapo jicho halimtafuti, katika kichwa cha Kiswahili sanifu. Mutwe na kichwa hayafanani, lakini lahaja za kaskazini kama Kimvita na Kiamu husema kitwa, na hapo daraja linaonekana wazi. Shina ni lile lile la Kibantu. Ngeli ilibadilika, na t mbele ya w ikawa ch katika lahaja iliyozaa Kiswahili sanifu. Yule ambaye angetafuta udugu kwa sura angechagua mtwa na kuiacha kichwa, na angekosea mara mbili.

Skull, school, chief na chef

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fuvu la Mkwawa liliingia katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, uliitaka Ujerumani katika Ibara ya 246 iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika miezi sita baada ya mkataba kuanza kutumika. Cheo cha usultani kilikuwa mazoea ya wageni waliotoka pwani. Kwao Wahehe, Mkwawa alikuwa mtwa.

Neno la Kiingereza lililotumika kwa fuvu ni skull. Wanafunzi wa Kiswahili hulichanganya mara kwa mara na school, ambalo Zanzibar limekuwa skuli, huku bara likitumika shule lililotoka Kijerumani. Herufi zinakaribiana na matamshi hayako mbali, lakini safari zake ni mbili. School lilipitia Kilatini kutoka Kigiriki, ambako neno la asili lilimaanisha muda wa mapumziko, kisha muda wa mapumziko unaotumiwa kwa mafunzo. Skull lilionekana katika Kiingereza cha kati, na huenda lilitoka katika lugha za Skandinavia. Hayana babu mmoja.

Kwa chief na chef hali ni kinyume. La kwanza humtaja kiongozi, na Kiswahili kililipokea kama chifu. La pili humtaja mpishi mkuu. Msomaji mwangalifu angetaka kuyatenga kwa sababu maana ziko mbali. Hata hivyo ni neno moja lililoingia Kiingereza mara mbili kutoka Kifaransa, mara ya kwanza katika zama za kati na mara ya pili katika karne ya 19. Neno hilo la Kifaransa linatokana na Kilatini caput, yaani kichwa. Neno head la Kiingereza, ambalo halishiriki sauti yoyote dhahiri na chief, hufuatiliwa na wataalamu hadi shina hilo hilo la kale. Kwa hiyo Kiingereza kinacho kile ambacho msomaji alidhani anakiona katika Kihehe, kiongozi na kichwa kutoka shina moja, ila kimekificha chini ya herufi zisizofanana.

Kurudi Kalenga

Serikali ya Ujerumani ilijibu kwamba haikuwa na habari za fuvu hilo, na miaka zaidi ya 30 ikapita. Mwaka 1953 Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen yenye mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka katika lililokuwa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalipimwa na kulinganishwa na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, na likachaguliwa moja lililokaribia vipimo hivyo na lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga kwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye mwaka 1962 angekuwa Spika wa Bunge la Tanganyika. Wengi waliohudhuria walikuwa wamezaliwa baada ya mwaka 1898.

Wapo wanahistoria waliotilia shaka uteuzi huo wa Bremen, kwa sababu uliongozwa zaidi na ufanano. Shaka yao ni ile ile ambayo mtunga kamusi huwa nayo mbele ya maneno mawili yanayofanana kwa tahajia. Ufanano unafaa kuanzisha uchunguzi; ili kuuthibitisha undugu zinahitajika njia iliyopitwa, tarehe, na ushahidi wa lugha jirani. Kwa Wahehe wa Kalenga, hata hivyo, jambo kubwa siku ile lilikuwa kwamba ahadi iliyoandikwa mwaka 1919 ilitimizwa. Fuvu limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, na kaburi la mwili liko Mlambalasi. Tangu mwaka 2005 mji wa Iringa una chuo kikuu kishiriki cha elimu chenye jina la Mkwawa. Jina limeandikwa kwa w mbili, kama Waswahili walivyolisikia, na wazee wa Uhehe wanaendelea kulitamka kwa sauti yao.